Sweta Tupu

Kushona nembo moja kwenye sweta ya shule ni mishono thelathini na minne: minane juu, kumi na mmoja kila ubavu, na minne kwenye ncha ya chini, pale ngao inapochongoka na sindano hupenda kuteleza. Cherehani haifai kwa kazi hiyo, huivuta sweta ikajikunja. Ni mkono tu. Fundi alikuwa ameacha kuhesabu miaka mingi iliyopita; mkono ulihesabu wenyewe, na ulipofika thelathini na minne ulikata uzi. Tangu Jumatatu ulikuwa umemaliza nembo mia moja sitini na mbili. Sugu la kidole cha shahada lilikuwa limepasuka katikati, naye alikuwa amelizungushia utepe wa gundi ili damu isiguse nyota iliyo katikati ya ngao, kwa kuwa nyota ilikuwa nyeupe.

Stoo ya sare ilikuwa chini ya ngazi za jengo la utawala. Upande mmoja mtu mzima angeweza kusimama. Upande wa pili dari lilishuka mpaka likakutana na sakafu. Hapakuwa na dirisha. Kulikuwa na taa moja, cherehani mbili, meza ya kukatia, na wanawake wawili: fundi, na mkata nguo ambaye shule nzima ilimwita Mkasi, kwa ajili ya kazi yake na zaidi kwa ajili ya ulimi wake. Waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi, hao wawili waliwajua kwa nyayo.

"Huyo msajili," Mkasi alisema bila kuinua macho. Visigino viligonga juu ya vichwa vyao, ko, ko, ko. "Ana haraka. Kuna mtu atalizwa leo."

"Usiseme hivyo leo, mwenzangu."

"Astaghafiru, nimesahau." Mkasi aligeuza shingo kutazama kule dari linakokutana na sakafu. "Na bibi harusi wetu hajambo?"

"Sijambo, shangazi," Rula alijibu.

Rula alikuwa binti wa fundi, wa miaka tisa, na ndiye pekee katika stoo ile aliyeweza kukaa upande wa chini bila kuinamisha kichwa. Alikuwa amevaa sare kamili ya shule. Sketi ilitokana na vipande vilivyobaki mezani mwaka mzima, vikaungwa mahali ambapo jicho lisilo la fundi lisingeona. Sweta ilikuwa imekataliwa kwa sababu ya uzi uliokatika kwenye mkono. Mama yake aliuunga usiuone. Nembo ilikuwa kifuani, mishono thelathini na minne.

"Umemvalisha hata hajaitwa," Mkasi alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo ni kumshonea nguo mtoto aliye tumboni."

"Sikutaka aje na sare ya kule."

Kule ilikuwa shule ya umma nyuma ya soko, darasa la watoto tisini na wanne. Rula alikaa benchi la mwisho. Mwalimu wa kule hakuwa mtu mbaya. Fundi alipokwenda kumwona, alimwambia waziwazi: "Mama, mwanao ana akili, lakini anataka mtu wa kukaa naye. Mimi hapa si mwalimu, ni mchungaji. Nikiwahesabu jioni wakatimia, namshukuru Mungu."

Jina la Rula alipewa na majirani. Tangu akiwa na miaka mitano angetazama kitu akasema urefu wake. "Mama, dirisha lile ni themanini na tatu." Ukileta utepe wa kupimia, ni themanini na tatu. Lakini herufi zilimtoroka. Alizigeuza, akazirudisha, akazikuta zimegeuka tena, na kufikia mwisho wa mstari alikuwa amechoka kama mtu aliyefukuza kuku.

Shule hii ilikuwa na mwalimu wa kusoma. Fundi alikijua chumba chake, chumba chenye mlango wa kijani mwisho wa ukumbi, kwa sababu yeye ndiye aliyeshona mapazia yake. Siku ya kuyatundika alikuta viti vidogo kumi na viwili, na mezani herufi zilizokatwa kwa msasa, ambazo mtoto huzipitishia kidole huku akizitamka. Chumba kilikuwa kitupu. Fundi alishuka kwenye kigoda, akapitisha kidole kwenye herufi moja, mara mbili. Ilikwaruza kama pindo lisilokatwa nyuzi. Aliwaza kwamba Rula, ambaye vidole vyake havikuwahi kukosea kitu, angesoma hapa. Mawazo mengine yote ya miaka miwili iliyofuata yalikuwa ni wazo hilo hilo moja. Alikubaliana na mhasibu jinsi ambavyo ada ingekatwa kwenye mshahara, akachukua fomu, akaijaza.

Fomu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua Mkasi.

"Nikumbushe uliandika nini kwenye lile swali."

"Wameuliza kama mtoto ana ugumu wowote katika kujifunza. Nimeeleza."

"Umeeleza nini?"

"Husoma polepole. Hugeuza herufi, hasa zenye tumbo. Akisomewa jambo mara moja halisahau. Hesabu za vipimo hakosei."

"Uliandika kwa kalamu?"

"Kwa kalamu."

"Si ungetumia hata penseli!" Mkasi alishika kiuno. "Dada, fomu si kitanda cha daktari. Pale mtu huandika 'hakuna', anaweka sahihi, anafunika kombe mwanaharamu apite."

"Mficha uchi hazai."

"Na aliyeuanika uwanjani anazaa nini?"

Fundi alikata uzi kwa meno. "Vipimo ni vipimo. Ukimwandikia mtu kiuno chembamba ili afurahi, siku ya kuvaa, nguo ndiyo itakayomwaibisha."

Mkasi aliguna. Alirudi kwenye orodha za kazi zilizobandikwa ukutani. Kila mwanzo wa mwaka msajili alileta karatasi: darasa la kwanza sweta ngapi, la pili ngapi, na vipimo vyake. Chini kabisa, peke yake, palikuwa na karatasi yenye neno moja juu: Tupu. Hizo zilikuwa sweta zisizo na nembo. Mwaka huu zilikuwa kumi na sita, nazo zilikuwa tayari ndani ya katoni kando ya mlango. Wao wawili waliamini ni za akiba, za watoto wanaopoteza zao uwanjani. Mwaka mmoja Mkasi aliwahi kuuliza, "Hii ni akiba gani yenye vipimo vya mikono?" Walicheka, wakaendelea kushona.

Saa tatu, fundi alimwosha Rula uso kwenye bomba la nyuma ya jiko, akamkausha kwa upindo wa khanga yake, wakaenda kwenye usaili.

Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki barazani. Fundi hakumjua mtu kwa jina, lakini macho yake yalipita mabegani na viunoni na kuandika. Mbele yao alikaa mkandarasi aliyejenga bwalo jipya la shule, pamoja na binti yake, mtoto mnene kidogo, kifua sabini na mbili, aliyekuwa akitafuna kola ya nguo yake. Mkandarasi alikuwa akizungumza kwenye simu.

"Nimeandika 'hakuna'. Ningeandika nini? Hana tatizo, ni mvivu tu. Mama yake ndiye anayemdekeza."

Binti aliitwa. Mlango uliachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Kwa dakika kumi kutoka ndani ilisikika sauti ya mwalimu tu, yenye upole, ikirudia, "Jaribu hili. Basi jaribu hili." Halafu kilio. Mkandarasi aliingia, akatoka amemshika mtoto mkono.

"Ana mafua," aliwaambia watu wa barazani. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kisha Rula.

Mtahini alikuwa mwalimu kijana mwenye miwani, mgeni shuleni, ambaye fundi alikuwa amemshonea sketi mbili. Alimpa Rula karatasi asome. Rula alisoma kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano akiwa ndani ya gari linalokwenda: alilenga, akakosa, akalenga. Fundi, aliyebaki barazani, alitazama sakafu. Sentensi ya kwanza ilichukua muda ambao yeye angemaliza ubavu mmoja wa nembo.

"Vizuri. Sasa nitakusomea mimi," mwalimu alisema.

Alisoma kisa cha mwanamke na mbuzi wake. Rula alikirudia chote, rangi ya mbuzi, ndoo tatu, ile ya pili iliyokuwa na tundu. Halafu ikasikika karatasi ikikunjwa, na mkasi, na mwalimu akicheka kama mtu aliyeshtuliwa.

Mwalimu alitoka mwenyewe mlangoni. Mkononi alikuwa na nyota ya karatasi, pembe tano, zote sawa.

"Mama, nani kamfundisha kukata bila rula?"

"Hakuna. Ananiangalia tu."

"Huyu mtoto anafikiri vizuri sana. Anachotaka ni muda, na ule mlango wa kijani. Mwaka mmoja, miwili. Nitaandika hivyo."

"Utaandika hivyo kweli, mwalimu?"

"Neno kwa neno."

Walirudi stoo. Mkasi alimpa Rula nusu ya andazi lake na hakusema lolote la kuchokoza hadi jioni.

Siku ya kumi na mbili baada ya usaili, visigino vilishuka ngazi, vikasimama, na badala ya kwenda zao vikaja mlangoni.

"Fundi wetu," msajili alisema, akiinamisha kichwa asigonge fremu. "Ukipata nafasi, njoo ofisini."

Fundi alipata nafasi wakati huo huo. Alipopanda ngazi alijisikia akipanda juu ya kichwa chake mwenyewe.

Ofisi ilikuwa na feni, na zulia, na dirisha lililotazama lango. Juu ya lango lilikuwa bango: shule ya tatu katika mkoa mzima kwa matokeo ya mtihani wa taifa. Msajili alimkaribisha kiti, akammiminia maji kwenye glasi. Fundi hakuyagusa, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na chaki.

"Kwanza nikupongeze. Fomu yako ni ya mfano. Wazazi wengi huficha."

"Asante, Madamu."

"Na ripoti ya mwalimu inakubaliana na wewe kila neno. Ni nadra sana." Alifungua faili, akaifunga. "Kwa hiyo furahi. Mtoto amepata nafasi."

Fundi alingoja. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mteja akisifu nguo kabla ya kuivaa, kuna "lakini" kwenye kwapa.

"Lakini," msajili alisema, "unajua sisi ni wa tatu."

"Bango naliona kila siku."

"Bango lile halikushikwa na misumari, mama. Limeshikwa na wastani. Watoto wanne wakianguka, wastani unashuka, bango linashuka, wazazi wanaondoka. Wakiondoka, mimi na wewe tutakula wapi?" Alitabasamu, kana kwamba wao ni watu wawili wanaochangia sahani moja. "Ndiyo maana tuna orodha mbili. Ya kwanza ni ya wanafunzi. Ya pili ni ya watoto tunaowasaidia. Wote wanakaa darasani, wanakula, wanacheza. Ila hawa wa pili mtihani wa taifa wanaufanyia kituo kingine, kijishule kimoja nje ya mji, tunaelewana nao. Majina yao yanaandikishwa kule tangu mwanzo."

"Kwa hiyo kwenye vitabu, yeye ni wa kule."

"Kwenye vitabu tu."

"Na mlango wa kijani?"

"Mlango gani?"

"Mwalimu wa kusoma, Madamu."

"Aa." Msajili alisogeza glasi ya maji sentimita moja, ikarudi katikati ya kitambaa chake. "Chumba kile kina nafasi kumi na mbili. Ni cha wanafunzi. Wa orodha ya kwanza."

Feni ilizunguka. Fundi aliwaza polepole, kama anavyogeuza nguo ndani nje kutafuta mshono ulikoanzia.

"Orodha ya kwanza ni ya wale walioandika kwamba hawana tatizo."

"Ndiyo."

"Sasa wasio na tatizo wanafanya nini chumba kile?"

"Wazazi wao huja baadaye. Muhula wa kwanza, wa pili. Wanasema, Madamu, tumegundua kitu. Mtoto akiwa ameshaandikishwa, tufanyeje? Ni wetu." Msajili alisema hivi bila hila, kama mtu anayeeleza ratiba. "Tatizo likigunduliwa ndani, ni wajibu wetu. Likija mlangoni na barua yake, ni hiari yetu."

"Ningeandika 'hakuna'."

"Usiseme hivyo, fundi. Ukweli ni kitu kizuri."

"Naweza kuiandika upya? Fomu?"

"Na ripoti ya mwalimu? Nayo aiandike upya?" Aliuma, kisha akapuliza. "Tazama. Mimi ni mzazi kama wewe. Hakuna anayekulazimisha. Nje kuna watu wanaoingoja nafasi hata ya orodha hii ya pili. Kule aliko, darasani wako wangapi?"

"Tisini na wanne."

"Kwetu thelathini."

Fundi aliangalia mikono yake. Ilikuwa imekaa mapajani kama mikono ya mtu mwingine aliyeisahau pale.

Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Jina la Rula lilikuwa limejazwa kwa kalamu. *Mimi mzazi au mlezi nathibitisha kwamba mtoto aliyetajwa hapo juu si mwanafunzi wa shule hii, na kwamba nimeelewa.* Hakikuandikwa alichoelewa. Fundi alisoma mara mbili, kwa kuwa yeye alisoma vizuri, alikuwa msomaji mzuri tangu utotoni. Akaweka sahihi.

"Hongera," msajili alisema. Halafu akakumbuka jambo, akavuta droo. "Na hili nilikuwa nishuke nalo mwenyewe. Ile karatasi ya sweta tupu." Alikata kumi na sita kwa mstari mmoja, akaandika kumi na saba. "Za hawa watoto hatuweki nembo. Wakaguzi wakipita, mtoto asiye na nembo haulizwi maswali. Vipimo vya huyu mmoja unavyo tayari."

Fundi aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

Kwenye ngazi alisimama. Mwaka wa kwanza alioajiriwa, sweta tupu zilikuwa tisa. Kisha kumi na moja. Kisha kumi na moja tena. Kumi na nne. Kumi. Mwaka huu kumi na sita. Hakutaka kujumlisha, lakini mkono uliozoea kuhesabu ulijumlisha: sabini na moja. Alikumbuka vipimo vya baadhi yao. Kifua hamsini na nane, mkono arobaini. Mmoja alikuwa na bega la kushoto lililoshuka kidogo, naye aliliwekea kipande ndani ili lisionekane.

"Amepata?" Mkasi aliuliza kabla mlango haujafungwa.

"Amepata."

"Ee!" Mkasi alipiga meza kwa viganja vyote viwili, bobini za uzi zikaruka. "Nilikwambia nini? Si nilikwambia? Kumbe hata ukweli nao siku moja moja huamka na bahati!"

Fundi aliitoa sare ya Rula kwenye mfuko wa nailoni chini ya meza, akakaa, akachukua wembe.

"Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Unafumua nini?"

Fundi alimsogezea karatasi. Mkasi aliisoma, akatazama namba iliyokatwa, akatazama katoni kando ya mlango.

"Akiba," alisema. "Yenye vipimo vya mikono."

Safari hii hawakucheka. Mkasi aliketi, akachukua sweta, akaanza kuitoa nyuzi ambazo hazikuwapo.

Kufumua ni haraka kuliko kushona. Rula alipofika kutoka shule ya nyuma ya soko, begi mgongoni, nembo ilikuwa imeshatoka, imewekwa kwenye boksi la nembo pamoja na nyingine, haitambulikani tena ni ipi. Aliinyanyua sweta, akaipeleka karibu na taa.

"Nyota yangu iko wapi?"

"Umepata nafasi, mwanangu. Utaanza Jumatatu."

Rula aliruka mara moja, akatua, akauliza tena, "Na nyota?"

"Kuna watoto ambao zao hazina."

"Wangapi?"

"Wengi tu."

"Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu."

Rula alipitisha kidole kifuani mwa sweta, polepole, kwa namna ile mama yake aliyoiwazia miaka miwili, akifuata ubavu, akishuka hadi kwenye ncha, akipanda upande wa pili. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Matundu ni thelathini na manne, mama. Yanaonekana."

"Ukifua yatajifunga."

"Lini?"

"Ukifua," fundi alisema.

Jumatatu walifika mapema. Mkasi alikuwa na foleni ya wazazi mlangoni, mikanda mikubwa, sketi ndefu, na fundi aliingia moja kwa moja kazini. Alimwacha Rula upande wa chini, kule dari linakokutana na sakafu, angoje kengele. Barazani mpigapicha alikuwa akipanga benchi za picha ya mwaka. Msaidizi wa msajili alikuwa ameshapita akisema wale wa sweta tupu waende bwalo jipya kwanza, watapewa maziwa.

Mwalimu mwenye miwani alichungulia mlangoni, uso umekunjuka.

"Mama! Nimesikia amepata. Niliandika, unajua. Neno kwa neno."

"Najua, mwalimu. Asante."

"Tutaonana mlango wa kijani!" alisema, akaondoka mbio.

Kengele iligongwa. Rula alitoka kule chini, akaja kusimama chini ya taa. Mikono yake ilikuwa nyuma.

Kifuani palikuwa na nembo. Ilikuwa imechorwa kwa chaki nyeupe ya fundi juu ya matundu yale yale: ngao, upana wake kamili, ncha yake katikati ya kifua bila kupotoka hata uzi mmoja, na ndani yake nyota, pembe tano, zote sawa. Chini ya nyota, mahali ambapo nembo ya kweli ina maneno matatu, *Kila Mtoto Nyota*, Rula hakujaribu kuandika. Alikuwa amevuta mstari ulionyooka, urefu ule ule wa maneno.

Wazazi wawili kwenye foleni waliangalia. Mkasi naye alitazama, kisha akageukia ukuta na kusoma orodha ya darasa la kwanza kwa sauti, namba baada ya namba, ingawa hakuna aliyeiulizia.

"Upana wake ni sentimita tisa, mama," Rula alisema. "Sikuipima."

Fundi alisimama mbele yake. Chaki ya fundi hutengenezwa ili itoke. Hiyo ndiyo sifa yake. Aliweka kiganja kifuani mwa mtoto na kusugua, chini, juu, chini. Chini ya kiganja moyo ulikuwa ukienda mbio, kwa sababu ya kengele, au kwa sababu ya kuanza shule. Ngao ilitoka kwanza. Nyota ilisumbua kidogo kwenye pembe. Mstari ulitoka wa mwisho.

"Haya. Nenda. Bwaloni."

"Picha je?"

"Kuna maziwa kwanza."

Rula aliinamisha kichwa chini ya fremu ya mlango, ingawa fremu ilikuwa juu yake kwa nusu mita naye aliijua nusu mita hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, akatoka.

Fundi alikaa. Alichukua sweta iliyokuwa ya kwanza kwenye rundo: darasa la tatu, kifua sabini na mbili. Alitoa nembo kwenye boksi, akaitega, akachoma sindano. Juu ya kichwa chake visigino vya msajili vilikuwa vikishuka, na pamoja navyo viatu vizito vya kiume, na sauti ya mkandarasi, mwenye haraka ya kurudi kwenye simu yake.

"Madamu, ni jambo dogo tu. Kuhusu huyu binti. Nadhani tumegundua kitu."

"Tayari?" msajili alisema, akacheka. "Basi tupite kule mwisho wa ukumbi, nikuoneshe chumba."

Viatu vilipita. Fundi alimaliza ubavu wa kwanza, akageuza kwenye ncha. Hapo ndipo alipoona kwamba kidole gumba chake kilikuwa kimeacha chaki nyeupe kwenye ngao ya mtoto wa watu. Aliipuliza. Haikutoka. Alilowesha ncha ya khanga kwa mate, akaifuta kwa uangalifu mpaka nembo ikawa safi, kisha akaendelea kutoka pale mkono ulipokuwa umefika.